Kitambaa Juu ya Tangi

Desemba 3

Naandika shajara hii kwa sababu moja, nami naitaja waziwazi: mwezi Machi mjumbe wa wizara atakuja kutoka mji mkuu, Dushanbe, kumchagua mhandisi mmoja kijana wa mkoa wetu aende makao makuu, na nataka niwe mimi. Nitakapoulizwa maji ya mji wa Obigulon yalikuwaje msimu mzima wa baridi, nisijibu kwa kukisia.

Wajibu wangu hauna maelezo marefu. Kila asubuhi napima maji katika tangi la kituo, kisha natundika kitambaa juu ya mnara, mahali panapoonekana na mji mzima. Cheupe maana yake kunyweni. Chekundu maana yake chemsheni kwanza. Utaratibu huu ulianza enzi za Wasovieti na hakuna aliyeona sababu ya kuubadilisha. Leo Mkuu Izzatullo, mkurugenzi wetu, amenikabidhi vitambaa vyote viwili kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Cheupe kimechakaa pembeni. Chekundu kingali na mikunjo yake.

“Hiki usikizoee,” aliniambia. “Mara ya mwisho kilipanda wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.”

Nilimjibu kwamba kwa uwezo wa Mungu na kwa klorini ya kutosha, hakitapanda. Alicheka, akanimiminia chai. Ni mtu mwenye heshima kubwa, nami nakusudia kujifunza kwake kila kitu, hata namna yake ya kukunja vitambaa.

Desemba 9

Mgawo wa umeme umeanza. Baridi imeugandisha mto huko juu milimani, maji yanayoingia katika bwawa la kuzalisha umeme yamepungua, na mitambo haiwezi kuzungushwa kwa theluji. Tutapata saa tatu za alfajiri na saa tatu za jioni. Kisima chetu kirefu kimejaa maji matamu, lakini pampu za kuyapandisha zinategemea umeme uleule unaowasha taa za majumbani.

Jioni nilimweleza jambo hili Bibi Oyniso, mama mwenye nyumba ninayopanga katika Mtaa wa Miforsadi. Tulikuwa tumekaa kuzunguka meza ya makaa, miguu chini ya mfarishi, mjukuu wake Gulrukh amelala mapajani mwangu bila kuniomba ruhusa.

“Ngoja nikuelewe,” alisema. “Umeme hakuna kwa sababu maji hakuna. Na maji hakuna kwa sababu umeme hakuna.”

“Ndivyo hasa, Bibi.”

“Na ukasoma miaka mitano ili uje kuniambia hivyo?”

Desemba 10

Theluji. Cheupe.

Desemba 11

Cheupe.

Desemba 22

Nimeona jambo lisilonipendeza. Sokoni zinauzwa mota ndogo za kuvutia maji, nazo zinanunuliwa kama mikate. Mtu huifunga kwenye bomba linaloingia nyumbani mwake. Umeme ukirudi, mota inavuta, naye anajaza mapipa kabla ya jirani. Kanuni inazikataza kabisa. Leo niliporudi nimekuta moja jikoni kwetu, imefunikwa kitambaa cha maua kama bibi harusi.

“Bibi, hizi zimepigwa marufuku.”

“Nenda kamwambie Sharofat hapo jirani. Yake inanguruma mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini. Unadhani anavuta maji ya nani? Yangu! Nikikaa bila mota, mhandisi wangu, nitakaa bila chai, na wewe utakaa bila chai pamoja nami.”

Nilikunywa chai. Ilikuwa nzuri.

Januari 7

Baridi kali mno. Watu wanaacha mabomba wazi mchana kutwa, ndoo ikiwa chini, ili wasikie maji yakirudi. Nikipita mtaani nasikia mabomba yakipiga mluzi wa upepo mtupu, nyumba baada ya nyumba. Maji ya tangini ni safi kabisa. Cheupe.

Januari 12

Nimekwenda kituo cha umeme kumwomba msimamizi wa zamu, Firdavs, jambo ambalo kwa maoni yangu halina ubishi: kituo cha maji kiwashiwe mapema kidogo kuliko nyumba, ili mabomba yajae kabla mji mzima haujaanza kuvuta. Ni mtu mnene, ana kofia ya manyoya asiyoivua hata ndani. Alikuwa anakula mbegu za alizeti na kutema maganda ndani ya kopo.

“Mapema kiasi gani, mhandisi?”

“Nusu saa, Kaka Firdavs. Nusu saa tu.”

“Nusu saa tu!” Alimgeukia mwenzake. “Umesikia? Anaomba kama anaomba chumvi. Dada yangu, nimepewa saa tatu za kuwagawia watu waliokaa gizani kutwa. Nikiwakatia nusu saa, wataniuliza imekwenda wapi. Niwaambie nini? Imekwenda kuoga?”

Walicheka wote wawili. Nimetoka nikiwa nimeudhika sana. Watu wa namna hii ndio wanaoirudisha nchi nyuma.

Februari 6

Mgawo umepunguzwa: sasa tunapata muda wa saa mbili tu kila asubuhi, na mwingine kama huo kila jioni. Redioni wamesema bwawa halijawahi kushuka namna hii. Cheupe.

Februari 14

Mkuu Izzatullo amenisifu mbele ya wafanyakazi wote. Amesema barua yake kwa wizara itakuwa fupi, kwa sababu kitambaa cheupe kimeshasema yote. Sikuweza kula mchana kwa furaha.

Februari 28

Yanipasa kuandika jambo la leo kwa utulivu.

Asubuhi umeme uliporudi nilikuwa bado nyumbani, nimechelewa kwa sababu ya barafu mlangoni. Mota ya Bibi ilianza kunguruma. Kwanza bomba lilikohoa hewa, kisha likatoa maji ya rangi ya chai iliyokolea, kisha yakaanza kung'aa. Bibi aliyaacha yale ya kwanza yaende, kama afanyavyo kila mtu. Gulrukh alikuwa amechutama karibu na ndoo, akatumbukiza vidole, akatoa kitu.

“Shangazi Mavzuna, tazama! Bomba limezaa!”

Ilikuwa mbegu ya tikiti.

Maji yetu yanatoka kisima kirefu, yanapita kwenye chujio, yanaingia tangini na kutiwa klorini. Hakuna tikiti huko. Matikiti ya akiba huliwa majumbani, na maganda yake hutupwa katika mfereji wa wazi unaopita kando ya mtaa. Mfereji huo huo hupokea maji ya kufulia, na samadi ya ng'ombe wa Sharofat, na vyoo vya uani theluji inapoyeyuka. Bomba letu limezikwa chini yake.

Nilisimama na mbegu kiganjani, na kila kitu kikajipanga. Umeme unarudi kituoni na majumbani kwa wakati mmoja. Pampu zetu zinahitaji kama nusu saa kuyajaza mabomba. Mota za majumbani hazisubiri. Zinavuta bomba tupu. Na bomba tupu lenye nyufa, likivutwa na nyumba zote kwa pamoja, hunyonya chochote kilicholizunguka.

Mimi hupima tangi. Kanuni inasema nipime tangi. Sijawahi hata siku moja kupima bomba la jikoni ninalonywea mimi mwenyewe.

Februari 29

Nimepima jikoni kwa Bibi, nyumbani kwa Sharofat, na katika nyumba ya mwisho ya mtaa. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi nikiyadondoshea dawa. Yote matatu hayakugeuka.

Nimempelekea Mkuu Izzatullo matokeo. Aliyasoma, akayaweka chini ya kikombe.

“Tangi likoje?”

“Tangi ni safi, Mkuu.”

“Basi ongeza klorini, na upime tangi kama kanuni inavyosema. Mjumbe anakuja tarehe kumi na saba, binti yangu. Usijiharibie kwa mikono yako.”

Nimeongeza klorini. Nimetundika cheupe. Nyumbani nimemwambia Bibi achemshe, bila kumweleza kwa nini. Mtaani sijamwambia mtu.

Machi 2

Klorini mara mbili. Nyumba ya mwisho haijageuka rangi. Cheupe.

Machi 4

Gulrukh ana homa. Bibi anasema ni baridi ya miguu. Alikuwa anacheza bila soksi. Inawezekana. Watoto hupata homa.

Cheupe.

Machi 8

Sikukuu ya wanawake. Wanaume wa kituo wametupa kila mmoja tawi la maua na hotuba ndefu. Kutoka kituo cha umeme kimeletwa kifurushi cha mbegu za alizeti chenye karatasi: “Kwa mhandisi wa nusu saa.” Nilitaka kukitupa. Nilimpelekea Gulrukh, hakuzitaka. Homa haishuki. Ulimi wake umekuwa mweupe na anauliza kitu kilekile mara nyingi: kama sufuria ya sumalak, uji wetu wa ngano wa sikukuu, mwaka huu itakuwa uani kwetu.

Itakuwa. Ni zamu ya Bibi. Mtaa mzima ameuahidi.

Machi 10

Ngano zimeshalowekwa. Kila nyumba imetandaza zake kwenye sinia ili zichipue kabla ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya, na mara kadhaa kwa siku wanawake wanazinyunyizia maji. Nilikuwa nimejituliza kwa kufikiri kwamba sumalak ni uji unaochemka kutwa nzima na zaidi, na hakuna mdudu anayeweza kuuhimili moto huo. Leo nimemwona Sharofat akimwonjesha mwanawe machipukizi yaliyopondwa.

“Siku tukikamua tui la ngano,” aliniambia, “kila mtoto hupewa funda moja bichi kabla halijaingia sufuriani. Baraka ya mwaka. Wewe hukupewa utotoni?”

Nilipewa. Sote tulipewa. Niliwezaje kulisahau?

Machi 13

Gulrukh yuko hospitali ya wilaya. Daktari amesema ni homa ya matumbo. Katika wodi yake wako watoto wengine wanne wa Mtaa wa Miforsadi na mmoja wa mtaa wa nyuma yetu. Daktari aliuliza wanakunywa maji gani. Bibi Oyniso alijibu kwa fahari, mbele yangu: “Ya bomba, daktari. Safi. Huyu hapa ndiye anayetundika kitambaa.”

Daktari alinitazama. Niliinama kumfunika Gulrukh shuka.

Machi 14

Nimeingia ofisini kwa Mkuu Izzatullo bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mkubwa yeyote. Nilimwambia watoto sita wamelazwa, na kwamba kesho nitatundika chekundu.

Nilitarajia afoke. Hakufoka. Aliniambia nikae.

“Unadhani naogopa mjumbe,” alisema.

“Ndiyo, Mkuu.”

“Naogopa, sikatai. Lakini sikiliza. Wakati wa vita mimi ndiye niliyekitundika kile kitambaa. Kinasema chemsheni. Wachemshe kwa kitu gani? Umeme haukuwepo, gesi haikuwepo, kuni zilikuwa zimekwisha, ilikuwa mwezi Machi kama sasa. Watu walilitazama tangi, wakaliogopa, wakaenda kuchota mferejini. Mferejini, Mavzuna! Kwa sababu mfereji hauna kitambaa. Tulizika watu wengi kuliko ambao maji ya bomba yangewaua. Sasa nionyeshe mwenye kuni za kuchemshia katika mji huu, nami nitakupandia ngazi mwenyewe.”

Miezi mitatu nilimheshimu kama mtu asiyekosea, na wiki mbili nilimdharau kama mwoga. Leo sijui nimweke wapi. Nilimwambia tu kwamba watu wa wakati ule hawakuambiwa chochote, walionyeshwa rangi tu; mimi nitawaambia.

“Na barua yako ya wizara?” aliuliza.

“Andika utakavyoona, Mkuu.”



Machi 15

Chekundu.

Nilikitundika mwenyewe. Upepo ulikikunjua kwa pigo moja, na nikiwa bado juu ya ngazi niliona watu wakitoka milangoni na kuelekeza vidole. Mzee mmoja alipiga kelele kutoka barabarani:

“Binti! Wasovieti wamerudi?”

“Hapana, mzee wangu! Chemsheni maji!”

“Afadhali wangerudi wao, walikuwa na mkaa!”

Kisha nikateremka na kuanza nyumba kwa nyumba. Nilieleza mfereji, nyufa, mota. Wengine walinisikiliza. Sharofat alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ndogo: “Ulijua tangu lini?” Nilimwambia ukweli, kwamba niliijua mbegu tangu mwisho wa Februari. Alinifungia mlango. Mwanawe yumo miongoni mwa wale sita.

Nyumbani Bibi Oyniso alikuwa uani, amesimama mbele ya lundo la mabua ya pamba yaliyofunikwa turubai. Ndiyo kuni yake ya sumalak. Ameikusanya tangu mavuno, bua kwa bua, na baridi yote hii hakuichoma hata siku makaa yalipotuishia tukalala na makoti.

Nilidhani ataniambia nihame.

“Watoto wangapi wako mtaani ambao hawajaugua?” aliniuliza.

“Sijui, Bibi. Wengi.”

“Basi shika upande huo wa turubai.”

Machi 16

Tumechemsha maji kutwa katika sufuria ya sumalak, ile kubwa, na wanawake wamekuja na ndoo zao. Nyumba mbili zaidi zimetoa mabua yao. Hayatafika siku nyingi. Wapo waliokwenda mferejini. Nimewaona kwa macho yangu, nimewafuata, nimewasihi. Mmoja alirudi nami. Mmoja alinitukana.

Machi 17

Mjumbe amekuja. Alisimama chini ya mnara, akatazama juu, akamwuliza Mkuu Izzatullo hicho ni nini.

“Ni ukweli, bwana,” Mkuu alisema. “Umechelewa wiki mbili kwa sababu yangu.”

Mjumbe hakuuliza jina langu. Amemchagua kijana wa wilaya ya jirani, ambako kitambaa kilikuwa cheupe. Nilidhani nitalia. Nilipofika nyumbani zamu yangu ya kukoleza moto ilikuwa imefika, na moshi ulinitoa machozi ya kutosha.

Machi 18

Nimerudi kwa Firdavs. Dirisha la kituo chake limezibwa kwa ubao. Watu walilipiga mawe wiki iliyopita wakidai umeme. Nilimkuta amevua kofia. Ana upara, na kovu bichi utosini.

“Karibu, nusu saa,” alisema, lakini bila kucheka.

Nilimweleza kila kitu, pamoja na mbegu. Alitega sikio mpaka mwisho. Kisha alinionyesha ukutani swichi mbili: moja ya pampu zetu, iliyo kwenye laini ya hospitali, nyingine ya majumbani.

“Hospitali inawaka mchana kutwa tangu Januari,” alisema. “Hakuna karatasi inayoniruhusu. Umeme huo ndio wanaonipigia mawe, hawajui umekwenda wapi. Swichi yako ipo, dada. Naweza kuigeuza sasa hivi. Lakini laini hiyo ikibeba hospitali na pampu zenu pamoja, lazima nizikate nyumba, na saa zenyewe ni mbili tu. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni: robo nzima ya umeme wa mtu aliyekaa gizani. Siwezi kuwanyang'anya tena kimyakimya. Wakinipa wao wenyewe, sawa.”

“Na mota?”

“Wakiwasha mota ndani ya nusu saa hiyo watavuta kwa kitu gani? Hawana umeme. Wakingoja, bomba limejaa, halinyonyi uchafu. Wewe ndiye mhandisi, mimi nageuza swichi tu.” Alinisogezea kopo la mbegu za alizeti. “Lakini uwaambie wewe. Mimi kichwa changu kimeshapokea majibu yao.”

Januari nilimwandika humu vibaya. Sitalifuta lile neno. Nataka nilione kila nikifungua ukurasa ule.

Machi 19

Homa ya Gulrukh haijashuka kabisa, lakini leo ameomba mkate, na Bibi ametembea kutoka hospitali mpaka nyumbani akiwaambia watu hivyo, hata wasiomjua. Watoto wamekuwa wanane. Wawili walioongezeka ni wa siku hizi, nami sijui ni wa maji ya bomba au ya mfereji.

Mabua yaliyobaki yanatosha ama siku mbili za kuchemsha maji, ama sufuria moja ya sumalak. Kwa kawaida uani kwa mwenye zamu hupikwa sufuria saba. Wanawake walijadiliana uani kwa sauti za juu, Sharofat akiwa miongoni mwao. Hakunitazama, lakini alikuwa amekuja. Bibi Oyniso alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mpaka wakanyamaza.

“Tutapika moja,” alisema. “Moja kwa mtaa wote na kwa yeyote atakayekuja. Ngano itaoshwa kwa maji yaliyochemshwa, na funda bichi hakuna mtoto atakayepewa, hata wa kwangu akirudi leo. Na mji mzima utakapokuja kukoroga, huyu mhandisi atasimama hapa na kuuomba nusu saa yake. Mtu hamkatalii mwenzake akiwa na mwiko wa sumalak mkononi.”

“Na wakikataa?” aliuliza Sharofat. Ndilo neno la kwanza alilosema mbele yangu tangu Jumamosi.

Mabua yatakuwa yameisha.

Nimeiarifu mitaa yote. Mkuu Izzatullo atakuja na ramani ya mabomba. Firdavs amesema atakuja amevaa kofia. Nimejaribu kuandika hotuba mara tatu, na kila mara naona imeandikwa ili nisifiwe, naichana. Nitabeba mbegu ya tikiti tu, na nitaanza na tarehe niliyoiona.

Kesho, Alhamisi, saa kumi jioni, uani kwa Bibi Oyniso, penye sufuria.